Feni Moja Makadara

Duka liliuza feni sabini,
iliyowashwa ni moja tu,
nayo ilimtazama mwenye duka.
Sisi kaunta, jasho latutonea risiti;
mteja akirudia kuuliza bei
twamjibu kwa kidevu.

Mzee Shee alipougua, akaja bintiye, Batuli.
Hakuhutubu. Hakubandika karatasi ukutani.
Aliiburura ile feni hadi kwetu,
akarudi kwenye joto kuhesabu stoo.
Mwisho wa mwezi hakumkata Mwachiro
ile glopu aliyoivunja.

Jumanne moja akaja bibi wa Likoni,
feni yake kaifunga kwa leso.
Haikununuliwa kwetu.
Mwachiro akaifungua, akachomoa
uzi uliojisokota kwenye ekseli.
“Ngapi, mwanangu?”
“Enda salama, mama.”

Joto la Februari lilipopamba moto
Likoni ilivuka feri ikatujia,
kila mtu, “Nimeelekezwa kwa yule kijana.”

Jana mzee kaja na mkongojo.
Kazikuta rafu tupu,
kaketi kitini pake, akangoja upepo.
“Nani kaigeuza feni yangu?”
Hakuna aliyemjibu.
Tulikuwa na wateja.