Mbuni

Mchana nahisabu makasha ya watu wa Mombasa:
yamelala bandarini siku ngapi, ushuru, faini,
dola igeuke shilingi na isidondoke senti.
Ndiyo kazi. Inalipa kodi ya nyumba hii ya Mkomani,
ngazi zake za mawe, nyaya zake za juzi.

Zamani nilikuwa na namba tasa.
Miaka sita nilizifuata, chaki mpaka kwenye nyusi,
nikatoa ithibati ya kurasa arubaini
iliyosomwa na watu wanne, mmoja wao mimi.
Ithibati ikisimama imesimama.
Programu husimama Ijumaa,
Jumatatu ukaikuta chini:
mtu kaandika jina lake mahali pa tarehe.

Shangazi Mwanaate huuliza,
"Hisabu zako zile zilikwenda wapi?"
Zimo humu humu, namwambia, zimebadili kanzu.
"Hm," husema, na sindano hurudi kwenye kofia.

Usiku ni wangu.
Nimeunda mkono wa kuchora
kwa mota ya feni iliyokufa na kalamu ya shilingi kumi.
Unachora ua la kofia vizuri tu
hadi jani la saba, ukaanza kutetemeka.
"Ua lina homa," shangazi alisema.

Lakini lililoninyima usingizi ni daftari la bibi,
beti mia mbili na tatu, jalada limeliwa na mende.
Nikaandika programu ya kupima mizani:
irabu moja, silabi moja. Mistari ishirini, basi.
Ikapita beti tatu kimya. Ya nne ikagoma.

*Mwana ndoo nikwambiye*
*neno moya usikiye*
*mtu asikuzuiye*
*ndia ya kuhisabia*

Mshororo wa tatu una saba, ikasema.
Bibi kakosea.

Nilimsomea shangazi. Hakuinua mato.
"Sema *mtu*."
Mtu.
"Polepole."
M. Tu.
Midomo ilifungwa kabla ya sauti kutoka,
na mle, ndani ya kufungwa,
silabi nzima ilikuwa imeketi bila irabu.

Nikarekebisha: *m* ikikutana na konsonanti, ihisabu.
Mbuzi akaota mguu wa ziada.
Nikaweka sharti: ikifuatwa na *b*, iache.
Mbwa akabaki na silabi moja, akabweka nayo.
Sharti juu ya sharti, mistari tisini,
mpaka ubeti wa mia na kumi, neno *mbuni*.

"Ndege au mti?" shangazi akauliza.

Ndege ni *mbu-ni*, mbili.
Mti wa buni ni *m-bu-ni*, tatu.
Herufi tano zile zile, kwa mpangilio ule ule,
na hakuna ithibati duniani ya kuzitenga.
Nikafanya ambalo zamani ningeliona haya:
nikaandika mstari unaoisimamisha programu
imuulize aliye karibu.

Saa saba za usiku ikauliza.
Alikuwa amelala, kofia kifuani.
"Mti," akajibu, mato yamefumba.
"Mama hakumuona ndege huyo maisha yake."

Beti zote mia mbili na tatu zilitimia.
Bibi hakukosea hata mara moja.

Kabla ya kuzima, kwa mchezo tu,
niliilisha programu faili lake lenyewe.
Ikasoma mstari wa kwanza kabisa,
pale nilipoandika *Mbuni*, nukta mbili, na jina langu,
ikasimama.
Ndege au mti?

Sikuwa nimeiwekea jibu la tatu.