Kunazi

Somoe, jana uliponivuta nyuma ya pazia
nilidhani unataka kukopa vocha.
Ukauchukua mkono wangu, wako ukiwa baridi,
ukauweka hapo, ziwa la kushoto,
ukageuza uso ukutani.

Langu lilikuwa la kulia.
Nina miaka kumi na tisa, naoga, kata mkononi,
povu linateremka, kidole kikagota kitu.
Cha duara. Nikikibonya kinakwepa
kama kunazi bichi ndani ya fundo la leso.
Hakikuuma, na hilo ndilo lililonitisha.

Miezi mitatu nilitoboa kofia nikipotea hesabu.
Famau wa dukani akarudisha mbili: "Vitobo vimepinda hivi!"
Usiku nikijiuliza shangazi Mwanapate alikufa na nini.
"Kifua," walisema tu,
kana kwamba kifua ni mji aliosafiri kwenda.

Bibi aligundua kwa vile nilivyokaa.
"Ni mato ya watu hayo."
Akapasha mafuta ya simsim, akasoma, akapaka.
Sikumkataza. Mkono wake ulikuwa na moto
nami nilihitaji mkono.
Kunazi halikusikia mafuta.

Hospitali, chumba cha picha, Bi Mbodze.
Akanipaka ute baridi, akanigeuzia kioo:
kivuli kimelala ubavu, kingo zake laini,
kama yai la mjusi nyuma ya kabati.
"Kingo laini zanipa moyo," alisema,
"lakini moyo si cheti."

Basi sindano.
Mimi niliyeshika sindano tangu utoto nikafumba macho.
Kichupa kikapanda basi kwenda Mombasa
kabla mimi mwenyewe sijafika Mombasa.
Siku kumi na sita. Nilizihesabu kwa vitobo.

Jibu lilikuja na neno refu la kidaktari, limejaza mstari.
Bi Mbodze akalimega kama mkate:
ni nyama ya titi lenyewe, tezi na nyuzi zake,
zimesokotana zikafanya kifundo.
Si saratani. Hukukileta kwa sidiria,
wala kwa simu unayoificha kifuani,
wala kwa kijana uliyempenda kimya.
Wasichana wengi wanacho; wengine hata hawajui.

"Kifundo cha uzi," nikasema.
"Cha kofia unakikata. Hiki tutakiacha, tukikiangalia."

Ningali nacho. Karibu na hedhi hujaa kidogo,
kisha hunywea.
Mpangaji asiyelipa kodi, asiyevunja kitu.
Nilipoposwa nilimwambia Bwanaheri.
Akauliza, "Kinauma?" Nikasema hapana.
Akanisogezea sahani ya samaki.

Lakini sikiliza, Somoe.
Kunazi langu si kunazi lako.
Sikwambii si kitu: vidole vyangu vyajua kofia,
havioni ndani.
Usiazime jibu langu
kama ulivyoazima viatu vyangu siku ya Maulidi
ukarudi unachechemea.

Kesho saa moja na nusu nitabisha mara mbili.
Vaa dera lenye vifungo mbele.
Mama tumwambie njiani au tukirudi, utaamua wewe.
Na unywe chai kwanza, na mkate,
woga ukikuta tumbo tupu hujitandikia.