Mungu wa Taa Ndogo

Nilimuumba Odrim nyuma ya risiti ya duka la dawa,
Novemba, mjini Bytom, birika likikaribia kuchemka.
Nilihitaji mungu mmoja zaidi. Wa vita nilikuwa naye,
wa bahari pia, bahari ambayo hakuna aliyepanga kuivuka.
Nikaandika: taa ndogo. Wachimbaji. Waliopotea chini.
Amri moja tu: usizime taa ya mwenzio.
Nembo niliichora vibaya, ikafanana na kitunguu.
Dakika nne, labda tano. Kisha nikamimina chai.

Alhamisi wakaja na dadu zao.
Kornel, mwalimu wa kemia, alichukua mungu wa vita
kwa kuwa huongeza nne kwenye upanga.
Alojz hakuchukua yeyote. Mungu mmoja amemtosha, alisema,
na hata huyo hawasemezani tangu mazishi ya kaka yake.
Truda, dereva wa tramu, aliipokea ile risiti
kama mtu anayepokea mtoto mchanga, mikono miwili.
"Huyu wa kitunguu," akasema, "ananifaa."

Huko mchezoni mungu hana mafumbo.
Unaomba, unarusha dadu ya nyuso ishirini,
kumi na tano kwenda juu, anajibu:
kidonda kinafumba, mlango unafumbuka.
"Hiyo si imani," Kornel alisema, "ni kanuni.
Tia asidi kwenye chokaa, povu litatoka tu."
Nilikubaliana naye. Ndiyo maana mwaka wa pili,
nilipochoshwa na hesabu za miungu kumi na mmoja,
nikamuua Odrim.
Sentensi moja: *Usiku ule taa zake zote zilizimika.*
Nikafunga daftari. Nikalala vizuri.

Wiki iliyofuata, ndani ya pango la penseli,
Kornel hoi, uhai wake umebaki alama moja,
kuhani wa Truda akapiga magoti.
Kuhani, si yeye;
ingawa nilisikia kiti kikisogea.
Akarusha dadu.
Nikamwambia: Truda, amekufa huyo.
"Najua. Nilikuwepo."
Sasa unamrushia nani?
Akanitazama kama abiria asiye na tiketi.
"Wewe ulimwandika," akasema. "Mimi nilimwahidi."

Dadu ilitua kwenye tatu.
Kornel akafa. Hapakuwa na muujiza, sitawadanganya.

Jengo letu limeinama. Mtaa wote umeinama;
walichimba makaa chini yetu wakaacha uwazi,
na chungwa likianguka jikoni hubingirika lenyewe hadi dirishani.
Bado tunaandaa meza. Tunaweka kipande cha kadibodi
chini ya mguu mmoja, tunapakua supu.
Na Alojz, asiyesali,
kila tarehe nne Desemba huvaa sare nyeusi ya babake,
kofia yenye unyoya, husimama kwenye lango la mgodi
uliofungwa yeye akiwa darasa la pili.
Bendi hupiga. Theluji huingia kwenye tarumbeta.
Hakuna anayemuuliza anaamini nini.

Nilidhani watu humshika mungu kwa sababu anajibu.
Basi huyu wangu, asiyejibu, asiyekuwapo,
aliyekuwa risiti ya dawa ya kikohozi,
anashikwa kwa nini?
Ahadi ni deni, hata mdai akifa.
Hata mdai akiwa hakuzaliwa kamwe.
Sijui. Naandika hivyo, halafu nafuta, halafu naandika tena.

Alhamisi nyingine Kornel alikuja na mhusika mpya,
mwizi mwembamba, karatasi safi.
Penye nafasi ya mungu hakuandika jina.
Alichora kitu kidogo, cha mviringo, chenye ncha juu.

Hicho kilikuwa taa, nikawaambia. Mimi ndiye niliyekichora,
najua nilichokusudia.

"Ni kitunguu," wakasema wote watatu,
bila kuinua macho kwenye karatasi.