Unyaufu

Ghala la ushirika, Newala, saa kumi na moja jioni.
Wakulima wameondoka na stakabadhi zao.
Navua viatu, naweka funguo mezani,
napanda mizani ya korosho.

Themanini na saba, nukta sita.
Wiki jana: themanini na saba, nukta nane.

Gramu mia mbili!
Kiganja cha karanga,
na kilima cha Kitangari nimekipanda mara nne kwa mguu.

Chilumba anacheka mlangoni:
“Somoe, panya wa humu anakula zaidi ya hizo.”
Mama mkwe ananiuliza kwa sauti ya chini kama naumwa.
Na juzi msibani nilimaliza sahani mbili za ming'oko;
sikujitetea,
asubuhi nilitembea tu.

Lakini kazi yangu naijua.
Korosho mbichi haibanikwi ikauke.
Unaianika, unaigeuza, unaianika tena,
jua linaidai maji yake kidogo kidogo,
hata siku ukiitikisa, inagonga ndani ya ganda.
Ya haraka huozea guniani.

Nyuma ya daftari, safu ya unyaufu,
naandika kwa penseli: nukta mbili.

Nje bodaboda ananipigia honi.
Namwambia, kesho.
Jana pia nilimwambia kesho.