Mwandiko wa Kikao cha Julai

Sheria ya ukumbi: dakika tatu kwa kila mwananchi.
Saa ya jikoni, ile ya plastiki yenye umbo la kuku,
ndiyo iliyowekwa mezani kutupimia.
Nje, mvua ya Chiloé ilinyesha kwa ubavu
kama kawaida yake, haina haraka ya kwenda kokote.

Eduvina Millalonco aliingia na ndoo.

Tulidhani amepitiliza tu kutoka kiwandani,
maana bado alivaa buti nyeupe za mpira,
bado alinuka samoni kama sisi sote,
harufu ambayo sabuni ilishainyoshea mikono.

Mimi nilikuwa na karatasi mfukoni.
Nilikuwa nimeandika yote, kwa mpangilio:
kwamba daktari huja Alhamisi moja, Alhamisi nyingine haji;
kwamba Ruperta alipewa vidonge na kuambiwa
ganzi ya vidole ni uzee. Ana miaka ishirini na tisa.
Kwamba shule ina ngazi tano mlangoni
na Millaray, bintiye Eduvina, hutembea kwa magurudumu,
hivyo hupandishwa mgongoni mwa mzee mfagiaji,
na mzee akiugua, mtoto hana shule.
Niliandika. Jina langu lilipoitwa
nilitazama viatu vyangu.
"Hayupo," mtu akasema,
nami nikaitikia moyoni: kweli, hayupo.

Kisha yeye.
Hakuwasalimu waheshimiwa kwa vyeo vyao.
Aliitua ndoo mezani, juu ya ajenda,
barafu ikagongana kama meno.

"Mheshimiwa Oyarzún, tia mkono.
Dakika zangu tatu nakupa wewe.
Wangu hukaa humo saa tisa kila siku.
Ukimaliza, funga kifungo cha koti lako,
kimoja tu, cha juu,
halafu tuendelee na mjadala."

Kuku akaanza kuhesabu.

Meya akatabasamu, akatazama kulia, akatazama kushoto,
akasema suala la mikono liko chini ya wizara,
la ngazi liko chini ya mkoa,
la daktari liko chini ya bajeti, na bajeti mnaijua wenyewe.
Kila kitu kiko chini ya kitu.
Nasi tuko chini ya vyote, tumeshika visu.

Dakika ya kwanza ikaisha.
Diwani mmoja akafuta miwani.
Hakuna aliyetaka kuwajua kunguni wa kitanda hiki.

Ndipo karani, Sayén, binti wa muuza nyavu,
ambaye kazi yake ni kuandika na kunyamaza,
akaweka kalamu chini,
akapandisha sweta hadi kiwikoni,
akazamisha.

Mkono wa kulia. Ule wa kuandikia.

Nilimwona akikodoa macho, kisha akiuma mdomo,
kisha chozi, wala si la huzuni;
baridi ina machozi yake.
Eduvina hakumpa pole. Alimsogelea,
akasimama kando yake kama tusimamavyo kwenye mkanda,
bega kwa bega, bila kutazamana.

Kuku akalia.

Hoja iliahirishwa hadi Aprili.
Ngazi bado ni tano. Daktari bado ni wa Alhamisi.
Sitaki kuuremba usiku ule.

Lakini sheria ile ile ya ukumbi inasema
kumbukumbu ziandikwe papo hapo, kwa mkono,
na kitabu kisifichwe kwa yeyote akiombaye.
Nenda. Omba ukurasa wa mwezi wa saba.
Juu, herufi zimesimama kama watoto mstarini.
Kisha, kuanzia neno "ndoo",
zinapepesuka, zinagongana mabega,
zinashindwa kufunga hata duara la o.

Mimi hupita pale kila Jumamosi.
Karatasi yangu imelainika mfukoni kama kitambaa.
Naweka kidole juu ya zile o zilizoachwa wazi
na kusema, polepole, Sayén anisikie:
nipo.