Baridi au ya Moto?

Kabla ya kunywa, walitufundisha kutema.
Miezi minane Dar, chumba cheupe, taa nyeupe,
marufuku marashi, marufuku kitunguu,
vikombe sita visivyo na majina mbele yangu,
na mimi, mtoto wa Urambo, natakiwa kusema
kipi kililala juani, kipi kimeshika kutu,
kipi kina harufu ya siagi ambayo hakuna aliyeialika,
kipi kinanuka mahindi yaliyochemshwa yakasahauliwa.

Nilijua kabla ya kujua maneno.
Baba alikuwa mpanga madaraja wa tumbaku:
alilisugua jani karibu na sikio,
akafumba macho, akanusa, akasema, "La tatu,"
na mkulima akanuna mpaka msimu mwingine.
Pua hii si yangu. Nimeirithi
kama wengine wanavyorithi shamba lenye kesi.

Siku ya mtihani, kikombe cha tano kilinishika shati.
Moshi. Nta. Uchachu wa ntundwa
iliyoliwa kabla haijaiva, kwa ubishi.
Mwalimu alitaka neno moja tu: kasoro.
Niliandika: *Jikoni kwa shangazi Kalunde, Isevya,
chungu cha wanzuki, asubuhi ya tatu.*
Alinikata alama mbili.
Pembeni, kwa penseli, akauliza:
*Isevya ni upande gani?*

Sasa nina aproni na beji, hoteli jirani na stesheni ya Tabora.
Bwana Sizya, meneja, amechapisha kadi,
cheo changu kimejaa mstari mzima.
Nasimama mezani, naeleza:
hii ina uchungu unaokaa ulimini, ipe mbuzi wa kuchoma;
hii nyepesi, itafaa kwa mgebuka
ulioshuka na treni ya Kigoma alfajiri.
Mteja ananisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu,
kama mtu aliyekwama kwenye hotuba ya msibani.
Kisha: "Sawa, dada. Niletee ya moto."

Nilitaka kuacha. Nilishaandika barua.

Lakini kuna Lugusi, dereva wa lori la marobota.
Miaka kumi na tisa amelala juu ya tumbaku,
pua yake imefunga duka.
Ijumaa husukuma glasi upande wangu:
"Ninusie."

Namwambia: mkate, umeungua upande mmoja.
Namwambia: ganda la chungwa, mbali, chumba cha pili.
Namwambia: mvua ya kwanza juu ya vumbi la Cheyo
(hiyo naongeza mwenyewe, haimo kwenye bia).
Anakunywa polepole, macho kayafumba,
kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani.

Ijumaa iliyopita alinyanyua kidole.
"Hapo kwenye mkate," akasema. "Rudia."