Faili Halikupatikana

Saa saba usiku, bando la bei ya usingizi,
Mwinshehe anashusha kinanda cha nchi ya baridi,
giga kumi na mbili. Tandale yote joto.
Umeme umekatika mara mbili; asilimia tisini na tisa
imekaa pale kama mgeni asiyejua kuaga.

Alfajiri anafungua zipu, anaburuta folda
mpaka kwenye sampla. Noti zinaamka moja moja,
kila moja na pumzi ya mpigaji asiyemjua,
na kiti chake kinacholia.

Halafu, kwenye sol ya chini, kimya. Dirisha jekundu:
*Faili halikupatikana. Onyesha lilipo.*

Lilipo?
Nyuma ya ukuta Bi Siwatu anatwanga kisamvu.
Mwinshehe anapenyeza simu dirishani,
anarekodi: twa. Twa. Kikohozi kimoja.
Anaipa sauti ile jina la faili lililopotea.
Sampla inapokea, haiulizi mzazi.

Jioni spika zinagonga ukuta.
Bi Siwatu, kinu kimeshaoshwa, kimefudikizwa,
anatega sikio:
“We Mwinshehe! Nani huyo
anatwanga na mchi wangu?”